Historia Iliyojiita Msamiati: André Yav na Kiswahili cha Wahamiaji wa Katanga

1. Utangulizi

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika kwa mashine historia ya mji huo. Aliiandika kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, yaani maboi wa Wazungu. Andiko lenyewe ni fupi, kurasa 30 na kitu. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa. Jina lake, hata hivyo, ni la Kifaransa, nalo halilingani na yaliyomo: Vocabulaire de ville de Elisabethville, maana yake msamiati wa mji wa Elisabethville. Msomaji anayetarajia orodha ya maneno na maana zake hataipata. Atakachokipata ni habari za mji tangu walipoingia Wazungu wa kwanza hadi siku za uhuru, zikisimuliwa kwa upande wa wale waliowapikia, waliowafulia nguo na waliowafuata safarini.

Andiko hili limechunguzwa zaidi na wataalamu wa ng'ambo. Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili katika vyuo vya Katanga ama tumelinyamazia, ama tumelitaja kwa kupita tu kama kielelezo cha Kiswahili kilichoharibika. Makala haya yanakusudia kulisoma kwa namna nyingine. Tunashikilia kwamba andiko la Yav ni maandishi ya wahamiaji, na kwamba yale tunayoyaita makosa yake ni ushahidi wa jinsi ukoloni ulivyowapa watu wa kambi za Katanga lugha ya kupokelea amri bila kuwapa lugha ya kuandikia. Wao waliichukua hiyo hiyo ya amri wakaiandikia historia yao. Zaidi ya hayo, kwa kuwa katika Kiswahili hicho hakuna kabila linaloweza kudai kuwa ndilo mwenyeji, andiko hili linatusaidia kulitazama upya swali ambalo limeutesa mji wetu wa Likasi: ni nani mwenyeji, na ni nani mgeni?

2. Lugha iliyokuja na kazi

Wanafunzi wetu huja darasani na maelezo mepesi: kwamba Kiswahili kilifika Katanga na wafanyabiashara wa pwani, kikachakaa njiani, na kwamba tunachokisema leo ni mabaki yake. Maelezo hayo yana ukweli kiasi. M'siri, aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, alitoka pande za Unyamwezi. Njia za biashara ya pembe, shaba na watumwa zilimuunganisha na pwani ya mashariki na vilevile na Angola upande wa magharibi. Lakini Bunkeya siyo iliyokizaa Kiswahili cha Lubumbashi na Likasi. Baada ya kifo cha M'siri watu wengi wa mji wake walitawanyika, na wenyeji wa nchi ya shaba, kama vile Wasanga na Walamba, waliendelea kusema lugha zao wenyewe.

Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, alionyesha kwamba kilichokifanya Kiswahili kuwa lugha ya Katanga ni utawala wa kazi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910. Katika miaka ya mwanzo kampuni ilitegemea sana vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Pamoja nao zilikuja lugha zao, Kiingereza cha mabwana wao, na ule mseto wa amri uliotumika katika migodi ya kusini mwa Afrika. Wabelgiji waliona hatari ndani yake, kwani mkoa wao wenye utajiri mkubwa ulikuwa ukivutwa kusini kwa reli, kwa biashara na hata kwa lugha. Katika miaka ya 1920 kampuni iliyageukia zaidi maeneo yaliyokuwa chini ya Ubelgiji: Kasai, Lomami, Maniema, pamoja na Rwanda na Burundi. Ndipo ilipoanza sera ya kuwaweka wafanyakazi kambini na wake zao na watoto wao kwa miaka, badala ya kuwabadilisha kila mkataba unapokwisha. Watu wa lugha nyingi namna hii walihitaji lugha moja, na ile iliyopewa nafasi haikuwa ya mama kwa karibu yeyote kati yao.

Mwaka 1928 unastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili. Mwaka huo mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Mwaka huo huo wa 1928 mmisionari John Whitehead alitoa kitabu chake Manuel de Kingwana, ambamo Kiswahili cha Kongo kilielezwa kwa jina lake na kwa sarufi yake. Na mwaka huo huo tena reli ya BCK iliiunganisha Bukama na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, hivyo mtu wa Kasai akaweza kupanda gari la moshi kwao na kushukia Jadotville, yaani Likasi yetu ya leo. Mambo hayo matatu hayakupangwa pamoja. Hata hivyo, yanaonyesha kwamba wakati ule ule ambapo upande wa mashariki ulikuwa ukiamua Kiswahili gani kiandikwe, upande wetu ulikuwa ukikusanya watu watakaokisema.

Nani alifundishwa kukiandika? Shule za wafanyakazi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910, na Wasalesiani mwaka 1911. Kiswahili cha kanisa na cha shule, ambacho watu wa Katanga hukiita Kiswahili bora, kilikaribia kile cha mashariki. Kilitosha kwa katekisimu na kwa madarasa ya chini, lakini hakuna aliyekitumia kambini. Kifaransa, lugha ya ofisi na ya cheo, kilitolewa kwa wachache. Kile kilichosemwa na wote, yaani Kiswahili cha kambi, hakikuwa na shule wala kitabu cha kusomea. Kilikuwa na vijitabu vya msamiati tu, navyo vilitungwa kwa ajili ya Mzungu aliyetaka kuagiza kazi.

Hali hii si ya Katanga peke yake. Katika visiwa vya Ufilipino mapadri wa Kihispania walijifunza lugha za wenyeji na kuzichapa mapema sana. Doctrina Christiana ya Kitagalogi ilichapwa Manila mwaka 1593, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za jadi za watu wale. Hata hivyo Kihispania chenyewe kilibaki kwa wachache kwa zaidi ya miaka 300, na José Rizal, mwana wa visiwa hivyo, riwaya yake Noli me tángere ya mwaka 1887 aliiandika kwa Kihispania na kuichapisha Berlin. Baadaye Wamarekani waliwaletea watu wale Kiingereza kwa njia ya shule za umma. Pale na hapa, mkoloni aliigawa lugha kama alivyogawa posho: kila mtu kwa kadiri ya kazi aliyotarajiwa kuifanya. Tofauti ni kwamba Rizal alikuwa msomi, akaandika kwa lugha ya mtawala. Yav alikuwa mtumishi, akaandika kwa lugha ya kambi.

3. Kuandika bila kufundishwa kuandika

Anayelifungua andiko la Yav kwa mara ya kwanza hupata taabu. Maneno yanayostahili kutengana yameunganishwa, na mengine yamekatwa katikati. Alama za vituo ni chache. Tahajia ya neno moja hubadilika. Maneno ya Kifaransa yameandikwa jinsi yalivyosikika. Kwa msomaji aliyelelewa na Kiswahili sanifu, jambo la kwanza linalomjia ni kuchukua kalamu na kusahihisha.

Tuitazame sarufi kwanza. Kiswahili cha Katanga kina utaratibu wake, na utaratibu huo umechunguzwa tangu siku za Edgar Polomé katika miaka ya 1960 hadi kwa Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, waliotoa sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 2014. Kiambishi cha watu ni ba- badala ya wa-. Udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-, kama vile katoto na tutoto. Neno "njo" husisitiza na kutambulisha. Kirejeshi hujengwa mara nyingi kwa -enye: mtu wa Likasi atasema "bantu benye kukuya" pale ambapo mtu wa Unguja angesema "watu waliokuja". Haya si makosa ya Kiunguja. Mengi ni mali ya lugha za Kibantu ambazo wasemaji walikuja nazo, zikakutana kambini na kupatana. Anayeyaita makosa anapaswa atuambie ni kanuni gani iliyovunjwa, na kwa nini maelfu ya watu wameivunja kwa namna ile ile kwa zaidi ya miaka 80.

Tahajia ni suala jingine, na hapa hatupendi kumtetea Yav kupita kiasi. Ni kweli kwamba maandishi yake hayana kanuni thabiti. Lakini kutokuwa na kanuni si sawa na kutojua lugha. Mtu hujua kukata maneno kwenye karatasi kwa sababu ameona vitabu ambamo maneno yamekatwa hivyo. Yav hakuwa na kitabu hata kimoja cha lugha aliyoiandika, isipokuwa vile vijitabu vya amri. Alilazimika kusikia sauti na kuishusha kwenye mashine. Ndiyo maana Fabian, alipokuwa akilitayarisha andiko hili kwa ajili ya kitabu chake History from Below cha mwaka 1990, aliona kwamba njia ya kulielewa ni kulisoma kwa sauti. Kalundi Mango, aliyeshirikiana naye katika kazi hiyo, alilisoma, na yale yaliyokuwa fumbo kwa macho yakaeleweka masikioni. Tumejaribu jambo hilo darasani. Mwanafunzi anayelia kwamba haoni maana, akiambiwa asome kwa sauti ya nyumbani kwao, hufika mwisho wa ukurasa akitabasamu.

Sasa tulirudie jina. Kwa nini historia iitwe Vocabulaire? Inawezekana kusema kwamba mwandishi hakujua maana ya neno hilo la Kifaransa. Sisi hatuoni hivyo. Katika maisha ya boi, kitabu kilichomhusu yeye na lugha yake kilikuwa ni kile cha msamiati alichokuwa nacho bwana: lete maji, funga mlango, njoo hapa, nenda. Vijitabu hivyo vilikwenda upande mmoja tu. Vilimwezesha bwana kusema, lakini havikumwezesha kusikia. Kwa maoni yetu Yav alilichukua jina la aina ya pekee ya kitabu alichokijua kuwa kinamhusu, akakijaza maneno ya upande wa pili. Yule aliyepaswa kuitikia ndiye sasa anayesimulia, na jina la kitabu limebaki kama lilivyokuwa mezani kwa bwana. Hii ni tafsiri yetu, na msomaji anaweza kuikataa. Lakini akiikataa, bado atadaiwa maelezo ya kwa nini mtu aliyeweza kupanga habari za nusu karne ashindwe kuchagua jina.

4. Andiko mikononi mwa wasomi

Hatuna budi kumshukuru Fabian. Bila yeye andiko hili lingeweza kupotea kama yalivyopotea mengi ya aina yake. Alilitoa pamoja na nakala ya asili, usomaji uliopangwa upya, tafsiri na maelezo, na Walter Schicho akaongeza uchambuzi wa kiisimu. Ni kazi ya heshima. Hata hivyo, zipo hoja mbili ambazo msomaji wa Katanga hawezi kuzipita.

Hoja ya kwanza inahusu jina alilolipa kitabu chake, History from Below, yaani historia inayotoka chini. Chini ya nani? Wanahistoria wa Ulaya hulitumia neno hilo kwa nia njema, wakimaanisha historia ya wasio na madaraka. Lakini Yav hajiweki chini. Katika andiko lake boi ndiye anayekuwapo tangu mwanzo, ndiye anayejua njia, ndiye anayemwona Mzungu akila, akilala na akiogopa. Mji unajengwa mbele ya macho yake na kwa mikono ya wenzake. Anayeliweka andiko hili "chini" anaitazama ngazi ya mkoloni kana kwamba ndiyo ngazi pekee iliyokuwapo.

Hoja ya pili inahusu msomaji. Kitabu kilichapwa Amsterdam, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Andiko la Kiswahili cha Katanga likawa halisomeki Katanga. Hatusemi hili kwa kulaumu, maana Fabian na wenzake baadaye waliliweka kwenye intaneti, katika hifadhi ya matini za Kiswahili cha watu wa kawaida, ambako mwanafunzi mwenye umeme na pesa ya muunganisho anaweza kulipata. Tunalisema kwa sababu ni desturi ya zamani. Maisha ya Tippu Tip, tajiri wa msafara, nayo yaliufikia ulimwengu wa wasomi kwa mkono wa Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Bwana wa watumwa na mtumishi wa nyumbani hawafanani kwa lolote, ila kwamba kila mmoja alihitaji mgeni ili Kiswahili chake kihesabiwe kuwa maandishi.

Jan Blommaert, katika Grassroots Literacy ya mwaka 2008, alilitazama suala hili kwa upana zaidi. Alichunguza, pamoja na mengine, maelezo ya maisha yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha Shaba na mtumishi mmoja wa zamani, ambaye katika kitabu anaitwa Julien, kwa ajili ya mwajiri wake aliyekuwa amerudi Ubelgiji. Blommaert alionyesha kwamba maandishi ya namna hii yana thamani pale yalipoandikwa, lakini yakisafiri hupoteza thamani yake. Msomaji wa mbali huona karatasi mbaya na tahajia mbovu, hasikii sauti. Tunakubaliana naye, ila tunaongeza jambo moja. Maandishi haya hayana haja ya kufika Brussels ili yapoteze thamani. Huipoteza yakivuka barabara tu, kutoka nyumba ya mwandishi hadi darasa letu la Kiswahili.

Lipo pia jambo la kulinganisha. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 katika familia iliyotoka Kasai, alichora historia ya nchi katika picha zipatazo 100 kwa ajili ya Fabian kati ya mwaka 1973 na 1974. Alimsimulia Fabian picha hizo kwa Kiswahili. Lakini maneno aliyoyaandika juu ya picha ni ya Kifaransa, na baadaye alipoiandika historia ya Zaire katika daftari aliiandika kwa Kifaransa vilevile. Kinywa kilikuwa cha Kiswahili, mkono ulikuwa wa Kifaransa. Ndiyo desturi ya karibu kila mtu aliyesoma hapa kwetu, nasi pia tuliolelewa katika desturi hiyo. Upekee wa Yav ni kwamba kwake kinywa na mkono vilikuwa vya lugha moja.

5. Mwana Shaba na mwana wa nchi

Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha jarida la wafanyakazi wake, ikaliita Mwana Shaba. Ni jina lenye kufikirisha. Mtu aliyetoka Kasai, Maniema au Rwanda alipewa baba mpya, naye ni shaba. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, ameeleza jinsi wafanyakazi walivyoipokea kampuni kama mzazi aliyetoa nyumba, chakula, shule na hospitali, na jinsi baba huyo alivyowaacha wanawe. Kitabu chake cha mwaka 2001 kinaitwa kwa Kifaransa Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani wana wa shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwapa mkono wa kwaheri zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Mwaka huo huo wa 1957, mwezi wa Desemba, ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa manispaa katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Katika Elisabethville uongozi wa mitaa ya Waafrika uliangukia mikononi mwa watu waliotoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Mwaka uliofuata iliundwa Conakat, iliyodai haki ya wenyeji wa kweli. Mwaka 1960 Katanga ikajitenga, na kujitenga huko kukadumu hadi Januari 1963. Kwa hiyo Yav alipokuwa akiandika mwaka 1965, swali la mwenyeji na mgeni lilikuwa limekwisha kumwaga damu. Yeye alisema kwa jina la kazi: sisi maboi. Hao walikuwa watu wa makabila mbalimbali, na kilichowaunganisha ni jiko la bwana na lugha waliyoitumia humo.

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 mkoa wenyewe uliitwa Shaba. Neno mwana Shaba likawa na maana mbili kwa wakati mmoja: mtu wa kampuni, na mtu wa mkoa. Mwaka 1992 maana hizo mbili zilitenganishwa kwa nguvu. Baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Kitaifa mwezi wa Agosti mwaka huo, wanasiasa wa mkoa waliwachochea vijana dhidi ya watu wenye asili ya Kasai. Likasi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuungua. Makumi ya maelfu walifukuzwa majumbani mwao, wakalala kwenye stesheni kwa wiki na miezi wakingoja mabehewa, na wengi walikufa pale au njiani. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa hapa, na nchi waliyorudishwa hawakuwahi kuiona.

Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Neno hilo linaeleweka na kila msemaji wa Kiswahili chetu, na waliotukanwa walilielewa sawasawa na waliotukana. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba lugha moja inatosha kuwafanya watu kuwa ndugu. Kiswahili cha Katanga kilitumika kupikia pamoja, kuzika pamoja na kuoana, na siku ile kikatumika kufukuzia. Anayetaka kukisifu ni lazima alimeze na hilo.

Lakini tuulize pia ni wapi ugeni ulikuwa umehifadhiwa muda wote huo. Haukuhifadhiwa katika usemi. Kijana wa Kisanga na kijana wa Kiluba waliokulia mtaa mmoja wa Likasi walisema namna moja, na sikio lisingewatofautisha kwa urahisi. Ugeni ulihifadhiwa katika karatasi: katika majalada ambamo kampuni na serikali ya kikoloni ziliandika kabila na kijiji cha kila mtu, na katika fomu ambazo hadi leo humuuliza mtu asili ya baba yake kabla ya kumuuliza anaishi wapi. Karatasi hizo ni za Kifaransa. Kwa kuwa Kiswahili cha kambi hakikupewa nafasi ya kuandika, hakikuwahi kuandika ni nani wake. Kama kingeandika, kingesema lililo wazi kwa kila mwanaisimu: hakuna aliyezaliwa mwenyeji ndani yake. Msanga aliacha Kisanga chake mlangoni sawasawa na Mluba alivyoacha Kiluba chake. Wote walihamia.

6. Hitimisho

Mwandishi wa makala haya ana deni lake. Miaka michache iliyopita alisahihisha insha ya mwanafunzi mmoja juu ya familia yake. Mwanafunzi aliandika kwamba babu na bibi yake walikuwa "bantu benye kukuya na gari la moshi" kutoka Kasai, kwamba babu alitumika Shituru, na kwamba mwaka 1992 wajomba zake walipandishwa gari la moshi lile lile kuelekea kule ambako hawakuwahi kufika. Sahihisho la wino mwekundu lilikuwa: "watu waliokuja kwa gari la moshi". Yalihesabiwa makosa sita katika ukurasa wa kwanza. Juu ya habari yenyewe msahihishaji hakuandika neno.

Hatupendekezi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Mwanafunzi anakihitaji ili asome vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi, na tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 atakihitaji zaidi. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini haisemi ni Kiswahili kipi, na hatuoni sababu ya kuijibia kwa haraka. Tunachopendekeza ni mambo mawili ya kawaida. Kwanza, andiko la Yav litolewe hapa Katanga, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu, likiwa na mstari wa tahajia ya mwandishi, mstari wa usomaji, na maelezo kwa Kiswahili. Pili, lisomwe katika mwaka wa kwanza sambamba na Maisha Yangu ya Shaaban Robert, si kama kielelezo cha makosa, bali kama mfano mwingine wa mtu aliyeandika maisha ya wakati wake kwa Kiswahili alichokuwa nacho.

Zamani za ukoloni kazi ya kuamua ni Kiswahili gani kistahili karatasi ilikuwa ya padri na ya mkuu wa kambi. Siku hizi iko mikononi mwetu, katika kalamu tunayosahihishia. Insha ile ilirudishwa kwa mwenyewe na alama kumi juu ya ishirini. Tungeipata tena, tungeisoma kwanza kwa sauti.